Mwache Elva Alale

Kila baada ya hesabu ya watu, serikali ya Australia hututumia karatasi moja yenye vijiduara vya rangi, ya kutueleza sisi ni nani. Ya mwisho Elva Kuchel aliibandika kwenye ubao wa posta, kati ya tangazo la mbwa aliyepotea na ratiba ya mchungaji, ambaye hutufikia Jumapili ya pili ya mwezi gari lake likikubali. Karatasi ilisema katika mji wetu wa Kolbinna tuko watu mia moja na tisa. Ilisema umri wetu wa katikati ni miaka hamsini na tisa, kwamba zaidi ya nusu yetu tunaishi kwa ngano, shayiri na kondoo, na kwamba kila nyumba ina magari matatu na ushei. Haikusema kwamba mawili kati ya hayo hayawaki. Mwishoni ikasema asilimia sitini na moja ya watu wazima hujitolea kufanya kazi za jamii bila malipo, na pembeni wakaweka kinyota, utadhani tumefaulu mtihani.

Nilipofika hapo nikacheka. Elva akanyanyua macho kutoka kwenye barua alizokuwa akipanga.

"Unacheka nini, Nev?"

"Wanasema asilimia sitini na moja tunajitolea."

"Wamekosea kidogo tu," akasema. "Mimi mwenyewe ni hamsini. Hiyo kumi na moja inayobaki ni Gordon."

Hakuwa anatania sana. Asubuhi alikuwa posta. Alhamisi mchana alifungua maktaba, ambayo ni kabati mbili ndani ya ukumbi. Jumamosi za baridi aliandika magoli ya wasichana wa netiboli, mpaka timu yetu ilipoungana na ya mji jirani, kisha zote mbili zikaungana na ya tatu, na sasa wasichana wetu wanne wanasafiri saa nzima kwenda kucheza mechi ya nyumbani. Taulo za jikoni za ukumbi alizifua yeye. Nyoka akiingia chooni shuleni, aliitwa yeye. Na juu ya yote hayo, kwa miaka ishirini na tisa, alikuwa mtu wa gari la wagonjwa.

Gari lenyewe linakaa kwenye banda la mabati nyuma ya ukumbi. Halina dereva wa kuajiriwa. Ni sisi wenyewe. Sheria yake ni fupi: watu wawili, mmoja usukani, mmoja nyuma na mgonjwa. Wakikosekana wawili, gari halitoki. Nilipohamia hapa majina yalikuwa kumi na moja. Wengine walizeeka, wengine waliuza mashamba kwa jirani mkubwa wakaenda kuishi karibu na bahari, mmoja tulimbeba ndani ya gari hilohilo. Wakabaki wawili, Elva mwenye miaka sitini na nane, na Gordon Prewett mwenye sabini na nne na goti moja zima. Mmoja wao tu akijitoa, gari lingehamishiwa Tarrant kwenye hospitali, kilomita tisini na nne kutoka hapa. Ukianguka, ungelisubiri saa nzima na zaidi, kama halikwenda kwa mwingine.

Elva alitaka kuacha. Hakuwa anaficha. Jioni moja ya kiangazi alikuja kwangu kwenye mizani ya malori ya nafaka, ninapofanya kazi, kuchukua karatasi za vipimo za mume wake, akakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa, akavua kiatu kimoja.

"Nimechoka, Nev," akasema. "Si kuchoka kwa kulala ukaamka. Nimechoka ndani ya mifupa. Nikisikia kile kidude kinalia, moyo unashuka mpaka tumboni. Zamani nilikuwa naruka."

Kidude anachosema ni kile cheusi cha mkanda kinacholia wito ukitoka. Miaka ishirini na tisa hakukivua ila bafuni, na hata bafuni alikiweka juu ya sabuni. Kwa sababu ya kidude hicho hakuweza kulala mbali na Kolbinna. Binti yake, Leanne, yuko Adelaide, mwendo wa saa nne, na wajukuu wawili walimjua bibi yao kwa sauti ya simu. Mume wake, Clem, alikuwa amenunua karavani ili waizunguke pwani wakati wa baridi. Ilikaa bandani miaka mitano. Kila mwaka Clem aliiosha kinyesi cha njiwa, akajaza matairi upepo, kisha akaifunika tena.

Basi Elva alizunguka na daftari lake, nyumba kwa nyumba, akitafuta majina. Hapa inabidi niseme jambo juu yetu ambalo halikuandikwa kwenye karatasi ya serikali. Kolbinna hakuna mtu anayesema hapana. Kusema hapana ni utovu wa adabu, ni kama kumfungia mtu mlango usoni. Tunasema: baada ya mavuno. Na baada ya mavuno huja kunyoa kondoo, na baada ya kunyoa huja kupanda, na ukishapanda unakaa kuangalia mawingu, na mawingu yakikubali, mavuno hayo tena. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililoumia lilikuwa la Elva, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Brodie Schultz, ambaye shamba lake limepakana na la akina Kuchel, kijana wa miaka thelathini na minne mwenye mgongo kama wa ng'ombe dume, alimwambia, "Baada ya mavuno, Mama Elva, bila shaka yoyote." Alisema hivyo miaka mitatu mfululizo. Namcheka Brodie, lakini nami nilisema mara tatu, na mimi hata shamba sina. Mimi ni mtu wa mizani kwenye maghala ya nafaka. Nilikuja kwa msimu mmoja, nikakaa miaka ishirini na miwili, na bado naitwa yule mgeni wa mizani. Ukweli ni kwamba niliogopa. Sikutaka kufika kwenye gari lililopinduka nikakuta ndani yake mtu niliyempimia ngano asubuhi.

Na kwa kuwa tulikuwa tunaona haya, tukazua njia yetu ya kumsaidia. Tuliacha kumwita. Bibi mmoja wa upande wa mashariki alivunjika mkono akaendesha gari mwenyewe mpaka Tarrant, akibadilisha gia kwa mkono mzima na kushika usukani kwa goti. Ukumbini tulimpigia makofi. Mwanamume mwingine alikatwa na msumeno, akajifunga kitambaa na utepe wa gundi wa mabomba. "Sikutaka kumsumbua Elva," walisema, na sisi tukaitikia kwa vichwa, kwamba huo ndio utu. Tulimhurumia sana Elva. Hakuna aliyeandika jina.

Sasa nieleze ile Jumanne.

Ilikuwa wiki ya pili ya Desemba, nyuzi arobaini na moja, upepo wa kaskazini unatupa mchanga kwenye meno. Kabla ya alfajiri Elva na Gordon walikuwa wameitwa barabara kuu, lori la kondoo limelala ubavu. Walimpeleka dereva Tarrant, wakangoja, wakarudi. Saa tatu hivi gari lilipita mbele ya mizani, Elva kwenye usukani, akainua kidole kimoja kunisalimu kama anavyoinua kila mtu huku akiwa barabarani. Sisi hatupungi mkono. Kidole kimoja kutoka kwenye usukani kinatosha, na asiyekiinua ama ni wa mjini ama ana tatizo.

Saa nne na nusu akaja Clem na lori la shayiri. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, mtu mwembamba, mpole, mwenye maneno machache na utani mkavu. Siku ile kila mkulima alikuwa anakimbizana na saa. Upepo ukiwa vile, mnamo saa nane mchana hutangazwa marufuku kwenye redio ya mawasiliano ya wakulima, kombaini zote za kuvunia zizimwe, kwa kuwa cheche moja tu inaweza kuteketeza nchi mpaka mpakani. Clem alipanda mizani hakuinua kidole. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala mapajani, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Umekula nini, mzee?" nikamuuliza kwenye dirisha. "Umefanana na unga."

"Kifua kinabana kidogo. Vumbi la shayiri."

"Na huo mkono?"

"Nimeulalia vibaya."

"Pita kwa Elva akuangalie."

Clem akatikisa kichwa. "Elva amelala. Ameingia sasa hivi, hata viatu hajavua, ameanguka kitandani kama gunia. Tangu saa tisa ya usiku yuko barabarani, Nev. Mwache alale."

Nilimtazama. Nilikuwa na simu mezani. Nyuma yake malori mawili yalikuwa yanangoja, na dereva mmoja ameshaanza kupiga honi.

"Sawa," nikasema. "Mwache alale."

"Kwa shayiri kimebaki kile kipande cha kaskazini tu, saa mbili za kazi. Nikimaliza nitamwamsha tunywe chai." Akachukua karatasi yake kwa mkono wa kulia. "Na wewe usiwe daktari kamwe. Wagonjwa watakufa kwa kuangaliwa uso."

Akaondoka. Mimi nikapima lori lililofuata.

Saa saba kasoro dakika kumi sauti ya Brodie ilisikika kwenye redio. Alikuwa akivuna upande wa pili wa seng'enge, na alikuwa ameona kombaini ya Clem imesimama katikati ya shayiri kwa muda mrefu, injini inanguruma. Alikwenda kuangalia. Clem alikuwa amezima vizuri mashine ya kupura, amevuta breki, ameegemea kiti. Hata kufa hakutaka kuharibu kitu.

Brodie akapiga namba ya dharura. Mtu wa dharura, ambaye anakaa Adelaide na hamjui hata mmoja wetu, akabonyeza anachobonyeza, na kidude kikalia kwenye mkanda wa Elva aliyekuwa amelala na viatu. Maandishi huja mafupi. Mwanamume, miaka sabini na mmoja, hapumui, shamba la Kuchel, kipande cha kaskazini. Ndivyo alivyoamshwa.

Mezani aliipita karatasi yenye mwandiko wa mume wake, iliyowekwa chini ya chupa ya chumvi. "Nakwenda kumaliza kaskazini. Usiamke. Nyama baridi iko kwenye friji." Aliisoma baadaye. Kwa wakati ule alichukua funguo, akampitia Gordon kwenye banda la gari, kwa sababu sheria ni watu wawili, na mumewe akiwa ndani ya shamba lake mwenyewe bado ilikuwa watu wawili. Walimlaza juu ya mabua. Elva alimbonyeza kifua dakika arobaini kwenye jua lile, akipokezana na Brodie, Gordon akipuliza hewa kwa mfuko, mpaka helikopta ya daktari ikatua. Daktari akagusa bega lake. Gordon aliniambia kwamba Elva hakulia. Alisema, "Gordon, saa ngapi?" Gordon akamtajia, naye akaandika kwenye fomu kwa mwandiko wake uleule wa posta, maana fomu lazima ijazwe.

Alimuuliza daktari kama Clem angepona iwapo wangeitwa mapema. Daktari akasema labda. Neno hilo lilinifikia jioni, na tangu siku hiyo halijatoka kichwani mwangu.

Tulimzika Clem Jumatatu. Leanne alikuja na watoto, wakasimama karibu na bibi yao kwa adabu, kama watu wanaomsindikiza mwalimu. Shambani hekta mia sita za ngano zilikuwa zimesimama kavu, tayari kuanguka kwa mvua yoyote ya kijinga. Elva hakuzitaja. Nasi hatukumuuliza, kwa sababu kwenye jambo hili huku hakuna kuulizana.

Alhamisi, jua halijapanda vizuri, zikaja. Kombaini kumi na moja, nyingine zimetembea kilomita sitini kwa mwendo wa punda, na malori kumi na manne nyuma yake. Watu waliacha ngano zao wenyewe zimesimama. Zilijipanga mstari mmoja wa mshazari, zikaingia shambani kwa Clem, na vumbi likapanda hadi mimi nikaliona nikiwa kwenye mizani, mwendo wa dakika kumi na tano kwa gari. Malori yalikuja kwangu moja baada ya jingine mpaka nikasahau kukojoa. Madereva walikuwa wanyamavu na wamejaa fahari. Kazi ya wiki mbili ilikwisha saa saba mchana. Nikapima lori la mwisho, nikafunga dirisha, nikaenda shambani.

Mashine zilikuwa zimepangwa kwenye mabua, na watu wamejaa kivulini mwake. Akina mama walikuwa wamefungua meza: nyama baridi ya kondoo, mikate, saladi ya viazi, keki ambazo hata harusini hatuzioni, na birika kubwa la ukumbini linatokota. Nzi nao walialikwa. Watu walikuwa wanacheka kwa chini, kama watu wanaojua wamefanya jambo zuri lakini kuna msiba. Brodie alikuwa akisema na kila anayempongeza, "Ni kitu kidogo tu, kitu kidogo."

Elva akatoka nyumbani, amevaa kofia ya Clem. Mkononi alikuwa na daftari lile. Watu wakanyamaza wakidhani anakuja kushukuru, na kweli alianza hivyo.

"Asanteni," akasema. Hakupaza sauti. "Clem angeona hizi mashine, angejifanya anakagua tairi, halafu angekwenda kulia nyuma ya tangi la maji. Nimehesabu watu kutoka dirishani. Mko sitini na wanne. Mmekuja bila kuitwa."

Akaliweka daftari juu ya boneti ya pikapu ya Brodie, na kalamu juu yake.

"Kila mmoja wenu mwenye leseni ya gari ameniambia baada ya mavuno. Sisemi kwa hasira, hata hasira imenichosha. Nawaambia tu kwamba mavuno yangu yamekwisha. Mmeyamaliza nyinyi wenyewe, saa saba mchana. Nataka majina sita. Keki pelekeni nyumbani."

Akaenda kukaa kwenye kiti cha turubai kivulini mwa kombaini ya Clem.

Hakuna aliyesogea. Nimeona watu wale wakiingia kwenye moto wa kichaka wenye urefu wa nyumba bila kuulizwa mara mbili, na pale walikuwa wanaangalia viatu vyao. Brodie alijikuna shingo.

"Mama Elva, tungoje hata wiki hii ya msiba ipite, si ndio? Ili ukae na..."

"Tungoje nini, Brodie?" akasema Elva. Aliuliza kabisa, kama mtu anayetaka jibu.

Nilitembea. Nisijisifu, sikwenda kwenye daftari. Miguu ilinipeleka kwenye kiti chake, kwa kuwa kulikuwa na jambo nililolibeba siku tisa na nilijua nikiandika jina kabla ya kulisema, jina hilo litakuwa la uongo. Nikachuchumaa mbele yake.

"Alipita kwangu," nikasema. "Saa nne na nusu. Alikuwa wa kijivu. Nikamwambia apite kwako, akasema umelala, mwache alale. Nami nikasema sawa, mwache alale."

Elva alinitazama chini ya ukingo wa kofia ile.

"Alishika mkono?"

"Alikuwa ameuweka mapajani."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua si wa kulaliwa vibaya."

Nzi alimtua mdomoni hakumfukuza. Nilifikiri atanipiga, na ningeshukuru.

"Watu wameniamsha miaka ishirini na tisa," akasema mwishoni. "Usiku, mchana, Krismasi. Wakigonga mlango hakuna aliyeniuliza kama nimelala. Halafu nyinyi wanaume wawili mkasimama kwenye mizani mkanihurumia." "Nani aliwaambia nataka kulala, Nev? Mimi nilitaka mtu wa kupokezana naye."

Nikajifuta macho kwa mkono.

"Nenda kaandike," akasema. "Na usinililie hapa."

Nikaenda nikaandika. Neville Tiller, miaka hamsini na sita, mizani. Nyuma yangu alisimama Tahlia, mke wa Brodie, mtoto kiunoni, akachukua kalamu bila kumtazama mumewe. Brodie akaandika chini yake, masikio yamemwiva. Kisha dereva mmoja wa lori, kisha mwalimu wa shule. Tulikuwa watano, si sita. Elva alikuja akahesabu, akafunga daftari, akasema watano wanatosha kuanzia, na akauliza nani anachukua birika la ukumbi.

Karatasi ya serikali ijayo sijui itatuhesabu vipi. Watu mia moja na wanane, nadhani, na kinyota kilekile.

Mafunzo huchukua miezi. Gordon alistaafu mwezi wa pili. Goti lilikataa kabisa. Kwa hiyo mtu aliyetaka kuacha aliendelea, kwa sababu kila mwanafunzi lazima atoke na mtu mzoefu, na mzoefu alikuwa amebaki mmoja. Alitufundisha kwenye ukumbi kila Jumatano kwa mwanasesere wa plastiki. Alikuwa mkali. Brodie akibonyeza kifua cha mwanasesere taratibu, Elva alimwambia, "Huyo amekufa, Brodie. Umemuua kwa adabu." Mimi aliniambia kitu kimoja tu nje ya vitabu. Aliniambia, "Ukihisi lolote, ukiona lolote, hata kama ni upuuzi, niamshe."

Wito wangu wa kwanza wa kweli ulikuwa Agosti iliyopita. Yule bibi wa mashariki aliyejiendesha mwenyewe mpaka Tarrant akiwa na mkono uliovunjika, safari hii alivunjika nyonga, na safari hii alipiga simu. Tulimfikisha Tarrant salama, akitulalamikia njia nzima kwamba tumemwachia kuku bila maji. Tulipogeuza kurudi ilikuwa saa tisa mchana. Nchi ilikuwa ya kijani kwa wiki zake chache, mikaratusi mifupi pembeni ya barabara, kasuku wa kijivu wanaokota punje zilizomwagika. Niliendesha mimi. Niliinua kidole kwa kila gari, na yalikuwa manne.

Kilomita ya thelathini niligeuka kumwambia kitu nikaona Elva amelala. Kichwa kwenye kioo, mdomo wazi, mikono imefunguka mapajani. Sikuwahi kumwona amelala. Alionekana mzee kuliko alivyo, na mdogo kuliko nilivyomdhania. Jumatatu iliyofuata alikuwa anakwenda Adelaide na karavani kwa wiki tatu, mara ya kwanza tangu aolewe na kidude kile, kwa kuwa Tahlia na Brodie walikuwa wameshafuzu na wangeweza kutoka bila yeye. Siku moja kabla ya wito huo nilikuwa nimemsaidia kuiosha kinyesi cha njiwa.

Nilifika Kolbinna, nikaingiza gari bandani, nikazima injini. Hakuamka. Nilikaa na mkono kwenye funguo. Mwili wangu wote uliniambia nishuke polepole, nisigonge mlango, nimwachie mama wa watu usingizi wake. Ningeweza kusafisha machela mwenyewe. Ningeweza kumfunika kwa koti. Kila kitu nilichofundishwa na mji huu juu ya wema kilisema hivyo.

Nikamshika bega.

"Elva. Amka."

Macho yalifunguka mara moja, na yalikuwa na hofu. "Nani?"

"Hakuna mtu. Tumefika. Nimekuamsha tu."

Alinitazama mpaka akanijua, na mpaka akajua kwa nini nimefanya hivyo. Akajifuta mdomo kwa nyuma ya mkono.

"Vizuri," akasema, akafungua mkanda, akashuka kunisaidia kusafisha machela.